Haragwe Moja Katika Mkebe wa Mahindi

Nyinyi vijana mnaopima maoni ya wananchi kwa simu, mmekaa kwenye viti vya kuzunguka na vidude masikioni, hebu vitoeni hivyo vidude kidogo. Mimi kazi hiyo niliifanya kwa miguu, kwenye matope ya Mau na vumbi la Nakuru, na nimestaafu nikiwa na magoti mabovu na hadithi nyingi. Fomula sitawafundisha. Mnazijua kunishinda, na nyingine nimezisahau kwa hiari yangu. Nitawapa habari za haragwe moja ambalo nusura linikosanishe na jirani mwema, na ambalo mpaka leo nalishukuru.

Nimefundisha takwimu na sayansi ya siasa kwenye chuo kikuu kule Njoro kwa miaka mingi, nikilala hapa Nakuru, mtaa wa Section 58. Ni mchanganyiko mbaya wa masomo. Wenzangu wa takwimu waliniona mwanasiasa, na wale wa siasa waliniona karani. Mama yangu, Mungu amrehemu, aliwaambia watu wa kanisani Elburgon kwamba mwanawe amesomea kuhesabu siasa, na tangu siku hiyo sikupata amani kwetu. Kila nilipokwenda kumsalimia niliwakuta wazee wamekaa juu ya magogo nje ya kiwanda cha mbao wakinisubiri.

"Daktari, mwaka huu nani anachukua kiti?"

"Sijui, wazee wangu."

"Hujui? Na ulikuwa unasomea nini huko miaka hiyo yote?"

Hawakuwa wanatania. Walikuwa wamechangia karo.

Sasa tuje kwa mke wangu. Anaitwa Tabitha, na wakati wa kisa hiki alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi hapa mjini. Alikuwa mwalimu wa aina ile ambayo ukimsikia anakohoa langoni unachomekea shati, hata kama wewe ndiye mkaguzi. Ile shule aliikuta na madirisha yaliyozibwa kwa makaratasi, akaipigania mpaka wazazi wakawa wanaamkia foleni kutafuta nafasi. Basi uchaguzi ulipokaribia, ukaja ujumbe nyumbani kwetu, akina mama wa mtaa wakiongozwa na Mama Shiro. Huyu alikuwa akiuza nafaka sokoni, na sauti yake haijawahi kuhitaji spika. Walikaa kwenye viti vyetu vizuri, vile vya wageni, wakapewa chai na mandazi.

"Madam," Mama Shiro akaanza, "sisi kama wamama wa hii ward tumekaa, tumeongea, na tumeona ni wewe. Hawa wanaume wametuzungusha vya kutosha. Tunataka ukuwe MCA wetu, utuwakilishe kwa bunge la kaunti."

Tabitha aliangalia ndani ya kikombe chake. "Asanteni sana kwa kunifikiria," akasema. "Tutaona." Kisha akawaongezea chai.

Mimi nilidakia kwamba hilo ni wazo zuri mno, na kwamba nilikuwa nimeliona zamani. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeliona dakika hiyo hiyo.

Shida ilikuwa moja tu. Mtumishi wa umma akitaka kugombea kiti lazima kwanza ajiuzulu. Tabitha akishaiacha shule, shule hairudi. Atapewa mtu mwingine, na yeye akishindwa kwenye kura atakaa nyumbani akinirekebisha mimi, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelitaka. Barua ya kujiuzulu ilitakiwa ifike ofisini kufikia Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kwa hiyo swali lilikuwa: je, watu wanamtaka kweli, au ni maneno ya chai? Na nani angelijibu swali hilo kama si mume aliyesomea kuhesabu siasa?

Kazi hii nilifundishwa na Daktari Mehta, mzaliwa wa Nakuru, mtoto wa wenye duka la vitambaa, mtu asiyekula nyama wala kuinua sauti. Somo la kwanza hakulitolea darasani. Alitupeleka Elburgon, siku ya soko, akatusimamisha mbele ya gunia la viazi. Mnajua wenyewe vile gunia hupakiwa. Viazi vikubwa vinapangwa juu, na vile vidogo na vilivyokatwa na jembe vinazikwa katikati. "Anayeangalia juu anaona anachoonyeshwa," Mehta akasema kwa ile sauti yake ya maktaba. "Takwimu ni kuingiza mkono mpaka chini." Tukaingiza, darasa zima, mpaka makwapani. Mwenye viazi alitutukana kwa lugha ambayo mimi, mzaliwa wa huko, nilikuwa sijawahi kuisikia, na Daktari akalazimika kununua gunia lote. Tulikula viazi hosteli muhula mzima.

Huyo huyo Mehta ndiye aliyenipa sheria ya kutoruka nyumba. Nikiwa kijana kama nyinyi alinituma niulize maswali kwenye kila nyumba ya tano kando ya barabara ya msitu. Nyumba moja ilikuwa na mbwa mkubwa kama ndama, nami nikaona si dhambi kuuliza nyumba ya nne badala yake. Jioni aliniuliza swali moja tu. "Hawa wenye mbwa hawapigi kura?" Nikakiri kwamba wanapiga. "Basi wewe hukupima maoni ya Elburgon," akasema. "Ulipima maoni ya watu wasio na mbwa." Kesho yake nilirudi nikiwa na mfupa wa buchari mfukoni. Mbwa aliuchukua, akachukua na kipande cha suruali, lakini jibu nililipata. Tangu hapo niliwaambia wanafunzi wangu wote: nyumba ikiangukiwa na hesabu, ingieni. Msiruke ya mbwa, msiruke ya tajiri, msiruke ya mama yako mzazi.

Kwa ajili ya Tabitha niliwatuma wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kiongozi wao alikuwa Chebet, msichana wa Njoro, mwepesi wa miguu na mgumu wa shingo. Walipita mtaa kwa mtaa wakiuliza swali moja: Madam Tabitha akisimama, utampigia kura? Walirudi jioni wakicheka.

"Prof, ni yeye! Kila mtu amesema yes."

"Wengi?"

"Si wengi, Prof. Kila mtu."

Nikaketi. Vijana wangu, ukiwauliza watu wa Nakuru kama mvua ni nzuri, hatakosekana mwenye nguo kwenye kamba wa kusema hapana. Mkikuta watu wote wamekubaliana, mjue kuna kitu hamkuuliza vizuri.

"Mlipokelewa namna gani?" nikauliza.

"Vizuri sana! Chai kila mahali. Kuna mathe mpaka alituambia tusiende kabla chapati haijaiva."

"Na mlijitambulisha vipi?"

"Tulisema tumetumwa na wewe."

Hapo ndipo kosa lilipolala. Kwetu huku mgeni haambiwi hapana usoni. Anapewa chai na anapewa jibu alilolifuata, na vyote viwili vinatiwa sukari. Nani angemwambia mtoto wa watu, aliyetembea juani akitumwa na mume wa mgombea, kwamba hamtaki huyo mgombea? Hata adui angesema ndiyo, halafu amsindikize mpaka barabarani.

Kwa miaka nilikuwa nimejifunza kuyasoma majibu yetu, nami nawaachia urithi huo bure. Mtu akikuambia "hakuna shida," andika kwamba shida ipo na uondoke kabla haijajitokeza. Akikuambia "nitamuuliza mzee," mzee hayupo na hatarudi. Akikuambia "tutaona," andika hapana. Na akikuambia "ndiyo" huku anakuongezea chai, usiandike chochote. Haya yote nilikuwa nikiyafundisha ubaoni, nikayatungia hata mtihani.

Dawa niliyoitumia ni mkebe. Kila mtu anapewa punje moja ya mahindi na haragwe moja. Mahindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Wewe mwenye kuuliza unageuka na kutazama ukuta, na yeye anatumbukiza moja kwenye mkebe na nyingine kwenye kifuko cheusi. Hakuna anayeaibika, na chai inanyweka kwa amani.

Lakini hata mkebe ulinifunza adabu. Mara ya kwanza niliutumia Elburgon, nao ulikuwa kopo tupu la mafuta ya kupikia lenye kifuniko tu. Tuliuacha kwa mama mmoja tukaenda kumalizia nyumba za ng'ambo, na tuliporudi tukakuta moto umekokwa. Mama wa watu alikuwa ameona mahindi na maharagwe yaliyokwisha kuchanganywa, akajua moja kwa moja kwamba tumemletea githeri. Alikuwa ameyaosha, ameyaongezea ya kwake yatutoshe, na ameyabandika. "Kaeni," akasema, "haitachelewa kuiva." Ilichelewa. Nilikula maoni ya kijiji kizima kwa parachichi, na lazima nikiri yalikuwa matamu. Baada ya hapo mikebe yangu ilitengenezwa na fundi wa jua kali, kifuniko kikichomelewa, mwanya mwembamba juu na kufuli pembeni.

Basi tukaitoa mikebe. Nafaka tulinunua kwa Mama Shiro mwenyewe, ambaye hakuelewa kwa nini mtu anayetafuta kura ananunua maharagwe, akataka kutuuzia mahindi peke yake. Kila mtaa ulipewa mkebe wake. Niliwaambia wanafunzi waanzie kwenye kona, wabishe kila lango la tatu, na wampe punje kila mtu mzima watakayemkuta.

"Bila kuruka?" Chebet akauliza.

"Bila kuruka."

Mimi sikutembea nao, nisije nikawatisha watu. Nilikaa ofisini Njoro nikisahihisha mitihani na kuuma kucha. Mikebe iliporudi tukaifungua mezani, na nawaambia, nilifurahi kuyaona maharagwe kuliko nilivyoyafurahia mahindi. Yalikuwemo ya kutosha kuonyesha kwamba watu wamesema kweli. Lakini mahindi yalikuwa mengi zaidi, kila mkebe. Tabitha angeshinda, na si kwa kubahatisha.

Kisha tukafungua mkebe wa mtaa wetu sisi wenyewe. Mahindi, mahindi, mahindi matupu. Na haragwe moja jekundu.

Nilifika nyumbani nikitembea kama bwana harusi. Mama Shiro alikuwa ameshafika kusubiri habari, na nilipozitoa alipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakaruka ua. Tabitha alitabasamu. "Kumbe," akasema. "Sawa." Akaenda jikoni kuweka chai.

Ingetosha mtu mwenye akili alale. Mimi sikulala. Ward nzima ilikuwa na maharagwe yake, nami sikuyajali, lakini hili la mtaa wetu lilinikera. Nani huyu? Ni nani anayempungia mke wangu mkono kila asubuhi na moyoni ana haragwe? Nilimpitia jirani mmoja mmoja kichwani, nikatua kwa Harjit, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ukuta wake umeshikana na wangu kwa nyuma, lango lake likitazama barabara ya pili. Ushahidi wangu ulikuwa kwamba niliazima ngazi yake na sikuirudisha. Kwa hesabu zangu hilo lilitosha. Nikaacha kumsalimia. Mimi, niliyewafundisha vizazi vya wanafunzi kwamba jibu la mtu ni siri yake na haichunguzwi, nikawa nachungulia nyua za watu kutafuta nani anapika maharagwe.

Alhamisi jioni, kesho yake barua ikitakiwa ofisini, Harjit alinikamata langoni.

"Prof, kwani kuna nini? Wiki nzima unanipita kama gari ya serikali."

Nikababaika. Nikataja ngazi.

"Ngazi kaa nayo! Hata nimenunua ingine. Ni ile mambo ya mkebe, eh? Sikia, nilikosea kidogo, lakini kwa uzuri."

"Ulikosea vipi?" nikamuuliza.

"Niliweka mahindi mbili. Moja yangu, moja ya mama, hiyo nilitoa kwa jikoni. Mama alikuwa amelala, na yeye anampenda sana Madam. Yule msichana alikuwa ameangalia ukuta."

Nilimkumbatia pale pale, mwizi wa kura yule, nikaingia ndani nikiwa nimechanganyikiwa zaidi. Tabitha alikuwa mezani. Barua ya kujiuzulu ilikuwa mbele yake, imechapwa vizuri, na kalamu ilikuwa pembeni. Kila kitu kilikuwapo isipokuwa sahihi.

"Si Harjit," nikatangaza.

"Si Harjit nini?"

"Haragwe. Si lake. Basi atakuwa yule wa lango la kijani, nilijua tu."

Alivua miwani. "Baba Joy, wewe na hilo haragwe. Unalitafutia nini?"

"Nataka kujua nani hapa mtaani hakutaki."

"Ni mimi," akasema.

Sikuelewa. Nilimuuliza yeye ndiye nini.

"Haragwe ni langu. Shule zilikuwa zimefungwa, nilikuwa nyumbani. Chebet alikuja, akanipa punje zangu, akageukia ukuta. Nikaweka haragwe."

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpigia Chebet simu kwa hasira. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa. "Ulienda kupima maoni kwa nyumba ya mgombea mwenyewe?"

"Prof, gate yenu ilikuwa ya tatu kutoka kwa kona," akajibu bila wasiwasi. "Na ulisema hakuna kuruka. Si ni rule yako?"

Nikakata simu. Tabitha alikuwa akinitazama bado.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilikuambia. Mbele ya Mama Shiro na wamama wote. Nilisema tutaona."

Nikavuta kiti nikakaa. Vijana, niliumia, na sikuumia kwa sababu ya kiti cha MCA. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimepeleka wanafunzi kwenye malango ya mitaa yote kuuliza kama Tabitha asimame, na mtu pekee ambaye sikumuuliza alikuwa Tabitha. Wale akina mama walikuja wakaketi kwenye viti vyake, wakanywa chai yake, na mume wake akashangilia kuwapita. Angesemaje hapana? Kumbe na yeye ni mwenyeji wa huku huku.

"Mimi nimezoea kengele," akaniambia, na sasa machozi yalikuwa karibu. "Nikisema jambo saa mbili, saa nne limefanyika. Nikiingia kwa assembly najua kila mtoto na nduguye. Hiyo ndiyo kazi yangu. Makofi wapewe wanaoyataka."

Ile barua aliikunja mara mbili akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza. Mpaka leo iko hapo, na meza imetulia.

Ilibaki kumwambia Mama Shiro. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote, kwa maana sasa wageni tulikuwa sisi. Njiani nilimwonya Tabitha: tukishapokea kikombe tumekwisha, tutasema ndiyo sote wawili na labda mimi pia nigombee. Tulipofika, chupa ya chai ilikuwa tayari mezani. Mama Shiro akashika vikombe.

"Asante, Mama Shiro," Tabitha akasema. "Chai leo hapana."

Mama Shiro alisimama na vikombe mkononi. Alimtazama Tabitha, akanitazama mimi, akakaa polepole. "Ngai, Mungu wangu," akasema. "Kumbe hutaki." Hatukuhitaji kueleza lingine. Alinung'unika, akapiga paja, akauliza ni nani sasa atawatoa wale wanaume. Tabitha akamwambia kwamba sauti ya kufanya kazi hiyo tayari iko ndani ya nyumba. Mama Shiro aligombea yeye mwenyewe, akashinda bila takwimu ya aina yoyote, jambo ambalo kitaaluma sijamsamehe. Tabitha naye alibaki na kengele yake mpaka alipostaafu, na siku ya kuagwa wazazi walilia kuliko watoto.

Na mimi nilipostaafu nikapata wazo langu jipya: tuuze hapa Section 58, tuhamie Njoro, tufuge ng'ombe wa maziwa. Nilimweleza Tabitha jioni moja tukinywa chai. Nilieleza vizuri sana, hewa safi, maziwa ya asubuhi, utulivu wa uzeeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua chupa, akaniongezea chai.

"Tutaona," akasema.

Niliweka kikombe chini, nikainuka kwenda stoo kuutafuta mkebe. Sikufika hata mlangoni.

"Rudi ukae, Baba Joy," akaniita akicheka. "Haragwe."